Mbavu za Nyambizi ya Lambo

Watu wakisikia kwamba mume wangu alitengeneza nyambizi huku Dutwa, mbali na bahari namna hii, hucheka. Wacheke tu. Mimi niliisiriba kwa mikono yangu.

Ilikuwa baada ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa. Tulikuta lambo la kunyweshea mifugo, lakini koki yake, chini kabisa kwenye tuta, ilikuwa imekwama na maji hayakufika kwenye hori. Ng'ombe wakawa wanaingia lamboni kunywa, wananasa kwenye tope, wanafia humo. Wanaume wawili walipiga mbizi kuifungua, pumzi ikawaishia. Mume wangu, aliyejifunzia kuchomelea kwenye kiwanda cha pamba, akasema yeye atashuka na kukaa pakavu hukohuko chini, aizungushe koki kwa nondo iliyopita kwenye tundu lililozibwa kwa mpira wa tairi.

Pipa la kwanza alilizamisha tupu ajaribu. Lilirudi limebonyea kama kopo lililokanyagwa. Ndipo alipounganisha mapipa matatu mengine na kuyatia mbavu: pete za chuma za magurudumu ya mkokoteni, alizozichomelea kwa ndani, shubiri moja kati ya pete na pete.

"Maji yanakaba pande zote," aliniambia. "Ubavu ndio unayakatalia. Ila ubavu umeshikwa na bati. Bati likiliwa, ubavu hauna kazi."

Kwa hiyo adui yake alikuwa kutu. Nje alipaka rangi nyekundu mara mbili, rangi ikaisha. Ndani hakuweza kupaka oili chafu, harufu yake ingemlevya.

"Kwani vihenge vyetu vya nafaka tunavipaka rangi?" nikamwambia. "Niachie mimi."

Nikasiriba ndani yote kwa mavi ya ng'ombe na majivu, kama kila mwanamke wa kwetu anavyosiriba kihenge wadudu wasiingie. Majirani walikuja kuchungulia, wakanisifu. Nilivimba kichwa, siwezi kuficha.

Nyambizi ikakaa masika nzima kando ya tuta, ikingoja maji yapungue. Asubuhi moja akaniita. Kwenye ubavu wa tatu kulikuwa na doa la kahawia.

"Hii nini?"

"Rangi ya mavi. Ulitaka yawe ya bluu?"

Akataka kubandua aone. Nikawaka! Nikamwambia kama haiamini mikono yangu, basi na ugali wangu asile. Akacheka, akainua mikono juu. "Haya mayu, mama wee, yaishe." Nikasiriba tena juu ya lile doa, safu nene, kwa hasira.

Siku ya kushuka, mdogo wake ndiye aliyeshika maksai wanne waliofungwa kamba ya kuivuta nyambizi. Walikubaliana kwamba maji yakianza kuingia kwenye hori, avute. Mume wangu akaingia, nikakaza mfuniko mwenyewe, wakaizamisha mpaka kwenye koki. Tukasubiri. Mara maji yakabubujika horini, wanawake wakapiga vigelegele. Shemeji hakusita hata kidogo, niliona kwa macho yangu. Aliwachapa maksai papo hapo, lakini walikwama, wakapiga magoti, maana mzigo ulikuwa umejaa maji. Nyambizi ilipofika ukingoni, mume wangu alikuwa ameshakufa.

Siku chache baada ya mazishi nikaenda peke yangu kuitazama. Tundu lililoingiza maji lilikuwa palepale kwenye ubavu wa tatu, linapita mkono. Nilipogusa pembeni yake, usiribaji ulibanduka na chuma kikatoka nao, kimesagika kama unga wa mtama. Upande wake wa nyuma ulikuwa bado mbichi. Safu yangu nene haikuwahi kukauka, ikalishikia bati unyevu masika nzima. Nililia mpaka nikatapika. Kisha nikabandua yote, mpaka mwisho, nikayatupa lamboni.

Hakuna mwingine aliyechunguza. Kijijini walishapata maneno yao: mdogo mtu alikuwa anashangaa maji, akachelewa kuvuta. Hata mama mkwe aliacha kuitikia salamu zake.

Shemeji akaja kwangu mchana mmoja, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Hakukaa.

"Shemeji, wewe ulisimama karibu yangu. Niambie ukweli. Nilichelewa?"

Kucha zangu zilikuwa bado na kutu. Niliogopa, basi, niliogopa.

"Kidogo," nikamwambia. "Ulichelewa kidogo."