Mmea wa Kopo la Mama

Mama yangu alipofariki kule Bukavu, ndugu zangu waligawana vitanda na masufuria. Mimi nilibeba kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limetobolewa chini kwa msumari, na ndani yake mlikuwa na mmea wa majani manene ambao mama aliutunza dirishani tangu niko shuleni. Nilivuka nao ziwa nikiwa nimeupakata, abiria wakanicheka. Nikawaacha wacheke.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Mapendo, niliuweka sebuleni, penye jua la asubuhi. Udongo wake niliuchanganya na changarawe nyeusi ya volkano, ambayo hapa Goma kila mtu anaikanyaga bure, kusudi maji yapite upesi. Mmea ule haupendi kubembelezwa. Unauacha ukauke kabisa, ndipo unaunywesha, tena kidogo. Nikifuta vumbi kwenye majani nilizungumza nao: habari za soko, watoto, mume wangu na ukaidi wake. Sikuwa na wazimu. Nilijua mama amekufa, lakini hicho ndicho kitu chake pekee kilichobaki na uhai, na nilikipenda kupita kiasi.

Mwaka juzi nilienda mji wa Kiwanja kununua maharagwe, barabara ikafungwa, nikakwama huko majuma mengi. Mmea nilimwachia wifi yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye anaishi kwetu. Nilimwambia, "Usiipatie maji mingi." Maji yenyewe tunayabeba kwa bidoni, yale madumu ya plastiki, nikadhani hata uchovu tu utamfanya abane mkono. Niliporudi nilikwenda dirishani kabla sijavua viatu. Mmea ulikuwepo, umenawiri kuliko nilivyouacha. Nikamkumbatia wifi, nikampa kitenge kipya nilichotoka nacho safarini. Akakipokea huku machozi yanamtoka, nami nikadhani ni ya furaha.

Mwaka huu mmea ulidumaa. Nikautoa kwenye kopo ili nibadilishe udongo. Mizizi ilitoka ikiwa imevaa sashe nyeusi ya plastiki, zile ambazo wauza maua wa kando ya barabara huoteshea miche yao. Mmea wa mama haukuwahi kukaa ndani ya sashe. Niliketi sakafuni, mikono imejaa udongo wa watu, nikamwita wifi. Hakukana.

"Ile ya mama ilioza, wifi. Nilikuwa naipatia maji kila siku, nikisema utaikuta muzuri. Siye bote tuliogopa utalia."

"Bote nani?"

Akamtazama mume wangu, aliyekaa hapo hapo sebuleni. Mume wangu akatazama simu yake. "Mama, ni maua tu," akasema. "Hatukutaka uumie."

Wema hauozi, ndivyo tunavyosema. Wa kwao uliozesha mizizi, kisha ukaenda sokoni kununua uongo. Miaka hiyo yote walinisikia nikiusimulia mmea wa barabarani mambo ya nyumba yetu, wakaendelea kunywa chai. Watoto wangu nao walijua, walifundishwa kunyamaza. Na aliyekwenda kuununua, wifi alikiri, ni mume wangu, ambaye siku ya mazishi nililia kifuani pake. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekivalisha kitenge.

Nikauliza swali nililokuwa naliogopa. "Majani yote yalioza?"

"Hapana," wifi akajibu upesi, kana kwamba ananipa habari njema. "Ilioza chini tu. Majani ya juu yalikuwa mazima. Tuliitupaka yote kwa takataka siku ulisema uko njiani."

Jani moja lingetosha. Ukilaza jani zima la mmea ule juu ya mchanga mkavu, linatoa mizizi lenyewe. Mama aliwagawia hivyo majirani wake wote. Wangenisubiri tu niingie, wakanionyesha ule uozo, ningelia sana, halafu ningechuma jani. Lakini walinihurumia, na huruma yao haikuniachia hata hilo jani moja.