Sketi Niliyoifunga Mpasuo

Kuna kitu hunitokea nikishika kitambaa. Nikichomoa sketi kubwa kwa rundo la mitumba hapa Kitengela, nikaiinua juu kwa jua, naona nyuzi zake zote, na naona kama kuna mtu anatembea ndani yake. Ni mrefu kuliko mimi na hana haraka. Naipeleka nyumbani, natoa mkasi, na huyo mtu anapotea. Nabaki mimi.

Nilimaliza fom foo nikakaa nyumbani kungoja matokeo, na kungoja ndiyo kitu siwezi kabisa. Ndiyo nikaanza kukata sketi zangu ndefu. Ya kwanza nilipunguza upande mmoja wa kiuno nikasahau ule mwingine, nikatembea wiki nzima zipu ikiwa imehamia kwa paja. Ya pili niliweka lastiki, nikaivuta sana, ikavimba kama mtungi. Mama alikuwa ananiambia kila mara nipige bandi kwanza, ile mishono mikubwa ya mkono ya kushikilia kitambaa kabla ya mashine.

"Bandi ni ya watu wako na siku mbili," nikamjibu.

"Na wewe uko na ngapi?"

Nilikuwa na siku nyingi kuliko mtu yeyote kwa hiyo ploti yetu ya kupanga.

Nyuma ya soko kuna fundi mmoja, mama mnene wa sauti ya chini. Wote tunamuita Madam. Ako na cherehani nne kwa veranda. Tatu ziko na wasichana, lakini ya nne ilibaki bila mtu tangu aliyekuwa akiitumia aolewe mbali, kule Illasit. Nilikuwa napita hapo kila siku nikiiangalia vile mtu huangalia nyumba anataka kuhamia. Siku moja sikupita, niliingia.

"Madam, naomba hiyo ya nne."

"Unajua kushona?"

"Najishonea sketi."

Akaangalia ile nilikuwa nimevaa, ile ya lastiki. Wale wasichana wakaacha kukanyaga, wote mara moja, ndiyo wasikie vizuri.

"Hiyo umeshona ama umefunga kama gunia la viazi?" mmoja akauliza. Wakacheka mpaka mwingine akaangusha mkasi.

Madam hakucheka. Yeye ako na njia yake ya kujaribu mtu. Nguo mpya hataki kuiona. Unaishona, unaivaa siku nzima, unafanya nayo kazi zako zote, halafu jioni unamletea aangalie ndani.

"Mshono husema ukweli ukichoka," akaniambia. "Leta Jumamosi kabla nifunge. Kuna msichana mwingine, anatoka Tuala, pia ataleta yake. Kiti ni kimoja."

Nilikuwa na siku nne. Tatu nilishona kwa kichwa tu. Nilikaa kando ya cherehani ya mama, pale kwa dirisha, nikiwa na sketi ya rangi ya zabibu kwa magoti. Ilikuwa pana kama hema, kitambaa kizito chenye ubaridi mzuri. Nje upepo ulikuwa unainua vumbi jeupe, nguo za majirani zinajaa hewa kwa kamba, na mimi naona sketi yangu ikiwa nyembamba, imenyooka mpaka kwa visigino, inapita kwa veranda ya Madam na hakuna mtu anacheka. Niliiona vizuri sana mpaka nikahisi nimeshaimaliza.

Ijumaa mchana nikashtuka bado ni hema.

Nikachora kwa kipande cha sabuni kilichokauka, nikakata, nikashona. Bandi sikupiga. Mashine ilikuwa inalia na mimi nakanyaga tu. Nilipoivaa mbele ya kioo, nilijigeuza huku na huku. Ilikuwa karibu kama ile ya kichwa. Shida ilikuwa mpasuo. Sketi ilikuja na mpasuo nyuma, mrefu, na sasa vile nimeipunguza ulikuwa unafunguka mpaka nyuma ya goti.

Mama akachungulia. "Kesho utampelekea tata mbegu za vitunguu Kajiado. Na hiyo ndiyo utaenda nayo?"

Tata ni dada ya baba. Yeye ndiye huongoza akina mama kwa kanisa lao, na macho yake hayakosi kitu. Mwaka jana alinirushia leso kwa magoti mbele ya wageni, bila kuacha kuongea, kama mtu anafunika sufuria.

Kwa hivyo nikaufunga mpasuo. Nikaupitisha mashine mara mbili, juu hadi chini. Sasa hata tata angekosa la kusema. Vile nitatembea sikujiuliza, kwa sababu kwa kioo nilikuwa nimesimama.

Kajiado nilifika asubuhi, na kutoka steji ya matatu nikaenda kwa hatua ndogondogo kama mtu anapima barabara kwa viatu. Nikajiambia huo ndio mwendo wa watu wasio na haraka. Kwa tata ni pale nyumba zinaishia. Shamba lake la sukuma wiki ni dogo, na ukivuka ua wa miiba ni nyasi tu, mbali sana, na vivuli vya mawingu vinatembea juu yake polepole kama ng'ombe.

Tata alinizungusha mara mbili.

"Sasa hii ni sketi, mami. Hii hata mchungaji akiingia saa hii hatuna shida."

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nilikunywa chai, nikaosha vyombo, nikateka maji kwa tenki. Mishono ilikuwa imeshika. Nilikuwa naihesabu kwa vidole nikijifanya najikuna.

Halafu tata akapiga kelele. Mbuzi kama kumi walikuwa wamepita kwa ua na wako ndani ya sukuma. Yeye goti lake ni bovu, hawezi kukimbia.

"Kimbia, mami! Kimbia! Wanamaliza!"

Nikakimbia, ama tuseme nilijaribu. Magoti yalikataa kuachana. Nikaenda nikiruka kama kuku amefungwa miguu akipelekwa soko, nikafika kwa mtaro wa maji kando ya sukuma, nikanyoosha mguu kuuvuka, na nyuma yangu nikasikia trrr, ndefu, kama mtu anapasua karatasi bila hasira. Nikaanguka upande ule mwingine. Mbuzi mmoja alinitazama akiendelea kutafuna.

Nilipojigusa nyuma, ule mshono wangu wa mara mbili ulikuwa umeng'oka na kitambaa chenyewe, kutoka chini mpaka juu ya goti, pengo pana kama mdomo. Nikakaa hapo hapo kwa sukuma nikalia. Sikulia kwa sababu ya kuanguka. Niliona kile kiti na msichana wa Tuala amekikalia.

Mwenye mbuzi akaja, koko mmoja jirani, yaani nyanya wa Kimaasai, mwembamba, amejifunga shuka mbili. Aliwafukuza kwa fimbo na maneno machache, akarudi kunisimamia.

"Takwenya," nikamsalimia nikiwa bado chini, kwa sababu huyo ni mtu mzima na machozi si sababu.

"Iko," akaitikia. Akaangalia sketi. Akacheka, mdomo ameufunika. "Nani alifunga wewe miguu?"

"Mimi mwenyewe."

Hiyo ilimchekesha zaidi. Tata alikuwa amefika akichechemea, na yeye pia akacheka, akanipa leso nijifunge. Koko akatupeleka kwa kivuli cha tenki, akafungua mfuko wake wa shanga. Alikuwa na sindano na uzi ule mgumu. Akararua kona ya shuka yake moja ya zamani, nyekundu, akaishikilia pale kwa mpasuko. Ilitoka kama pembe tatu. Nikanyoosha sketi nimpe ashone.

"Hapana. Shona wewe. Mimi naangalia."

Nikashona haraka, mishono mirefu, nimalize. Yeye akachukua, akavuta uzi wote ukatoka, akanirudishia bila kusema kitu. Nikaanza tena. Akavuta tena. Mara ya tatu nikataka kurusha kila kitu kwa mtaro.

"Koko, nachelewa!"

"Enda," akasema. Na tata akaangalia kando ndiyo asicheke.

Mara ya nne nilishona mishono midogo kama mchele. Sijui saa zilienda wapi. Upepo ulikuwa unapiga tenki na tenki inatoa sauti ya chini, kengele za mbuzi zinaenda mbali na zinarudi, kivuli cha wingu kinatupitia, tunakuwa baridi, halafu jua tena. Nyekundu inaingia kwa zabibu mshono mmoja mmoja. Nilisahau Tuala, nilisahau hata mimi ni nani. Nilipokata uzi, koko alipitisha kidole gumba mara moja, akainuka, akaenda zake.

Kitengela nilishuka saa kumi na moja na kitu. Nyumbani kulikuwa na sketi nyingine niliyokuwa nimepunguza, haina kiraka. Ningeivaa, niikunjekunje, niikalie kidogo, niseme ni ya siku nzima. Nilisimama kwa ile njia panda nikiwaza hivyo kabisa. Si ati mimi ni mtu mzuri. Ni vile niliogopa vidole vya Madam, na pia, kusema ukweli, nilitaka mtu aione hiyo nyekundu.

Alikuwa anafunika mashine. Msichana wa Tuala alikuwa hapo, ametulia, sketi yake ya kijivu iko mezani, nzuri mpaka nikataka kurudi. Nikajifunga leso ya tata, nikavua yangu, nikampa. Madam akaigeuza ndani nje. Vidole vikaenda polepole kwa mishono ya upande, vikasimama, vikaenda. Akavuta kidogo. Uzi ukatoka.

"Huku ulikuwa unakimbizwa na nani?"

Akafika kwa nyekundu. Akavuta, uzi haukutoka.

"Na huku?"

Nikamwambia yote, mpaka mbuzi. Wale wasichana wa mashine walicheka, lakini si kama siku ile.

"Ya mwenzako imenyooka kuliko yako," Madam akasema. Akamgeukia yule wa Tuala. "Leo ulikaa chini hata mara moja?"

"Niliogopa itakunjika," akajibu kwa sauti ndogo.

Madam akanirudishia yangu. "Jumatatu saa mbili, kwa ile mashine ya nne. Utafumua kila kitu kwa hii sketi, uanze upya. Hii nyekundu usiiguse. Na wewe wa Tuala, uvae hiyo yako ukalime, halafu tuongee."

Nikasema asante, nikaivaa pale nyuma ya pazia, na nikatoka hapo mbio.