Wapanda Farasi Watano wa Omosa

Omosa ametia jina lake kwenye kila ukuta wa Sotik uliokubali rangi. Bucha, kinyozi, duka la dawa za mifugo: chini ya kila bango utaona, kwa mwandiko mdogo ulioinama, "Omosa Arts" na namba ya simu. Mchoraji asiyetia jina, hupenda kusema, ni kama kuku anayetaga kwa jirani. Kazi moja tu hakuitia jina, na ndiyo aliyoipenda kuliko zote.

Aliyemwingiza katika mambo ya farasi wadogo ni Joab, karani wa kiwanda cha chai kule Mogogosiek. Joab aliwahi kuishi Nairobi, na huko alijifunza mchezo wa vita vya mezani: majeshi ya plastiki, kila askari urefu wa kidole, husogezwa kwa rula, na dadu ndiyo huamua nani afe. Jumapili mchana, mvua ikinyesha, wawili hao walijifungia chumba cha nyuma cha hoteli ya Quinter wakapigana mpaka chai ikapoa. Watu wazima wenye ndevu! Quinter aliwacheka, lakini meza aliwaachia.

Wakati huo Omosa alikuwa amefiwa na mkewe, Esnah, na nyumba ilikuwa imemshinda kukaa. Mgala muue na haki mpe: Joab ndiye aliyemwinua kwenye kiti cha majonzi akamtia brashi mkononi.

Siku moja Joab alileta kiboksi cha wapanda farasi watano, plastiki ya kijivu, bila rangi. Kulikuwa na mashindano Nairobi, na huko jeshi lisilopakwa rangi halikanyagi meza. Tena kulikuwa na tuzo ya jeshi lililopakwa vizuri kuliko yote, kwa aliyelipaka kwa mkono wake mwenyewe.

"Plastiki yangu, rangi yako," Joab alisema. "Tutaenda pamoja, fundi. Mimi na wewe."

Wa kwanza Omosa alimharibu. Alitaka kumfuta kwa thina, Joab akamshika mkono: thina huyeyusha plastiki. Mloweke kwa mafuta ya breki, rangi itatoka na plastiki ibaki. Baada ya hapo kazi ilimkolea. Alianza na andakoti nyeusi, ile rangi ya chini ya kushikia nyingine, kisha rangi nyembamba juu ya nyembamba, macho ya farasi akayatia kwa ncha ya sindano. Vitako, vile visahani wanavyosimamia farasi, alivipaka gundi akanyunyizia udongo mwekundu, halafu majani ya chai yaliyochujwa kwenye birika la Quinter na kukaushwa juani, yakawa nyasi. Udongo wenyewe hakuuchota barabarani. Aliutoa kwenye bustani ya Esnah ya chinsaga, ile mboga chungu ya kienyeji, nyuma ya jikoni, ambayo hakuna aliyeigusa tangu mwenyewe afe.

Na mpanda farasi wa mbele alimfanya Esnah. Alimtia kitambaa cha njano kichwani, kovu dogo kidevuni, na ule uso wa mtu aliye karibu kukucheka. Alipommaliza alimweleza Joab yote: jinsi Esnah alivyokivaa kitambaa kile kila alipokwenda kuchuma chai, na jinsi alivyoomba afungiwe kichwani hata hospitalini, siku za mwisho. Joab alisikiliza, akamshika bega.

Omosa alipovigeuza vitako atie jina, Joab akamzuia. "Usiandike, bwana. Majaji hawapendi maandishi hapo chini. Wacha ikae clean."

Omosa akaiweka brashi chini. Mtu aliyetia jina mpaka kwenye choo cha soko! Lakini aliyemzuia alikuwa rafiki, na rafiki haulizwi kwa nini.

Wiki ya safari ilipofika, Joab alichukua kiboksi, eti akakitunze, akasema mashindano yameahirishwa. Omosa alikuwa ameshapiga koti pasi. Akalirudisha ukutani.

Jumatatu Quinter alimwita jikoni, simu mkononi. "Fundi, kuja uone rafiki yako."

Kwenye video Joab alikuwa amesimama katika ukumbi wa Nairobi, amekumbatia kikombe. Mtu akamwuliza nani amepaka. "Ni mimi mwenyewe, kila kitu, nikitoka job." Na huyu wa mbele je? Joab akainamisha kichwa. "Huyo ni marehemu wife wangu. Alikuwa anavaa hicho kitambaa akienda kuchuma chai. Hata hospitali aliniomba nimfungie." Ukumbi mzima ukampigia makofi.

"Kwani Jerusa bibi yake amekufa lini?" Quinter akashangaa. "Si leo asubuhi ameniuzia omena?"

Omosa hakucheka. Kikombe angekisamehe, kikombe ni bati. Lakini mtu huyu alikuwa amekivaa kifo cha Esnah kama koti la kuazima, akapigiwa makofi nalo. Kikulacho ki nguoni mwako. Omosa alikuwa amemfungulia vifungo kwa mkono wake.

Joab alikuja kesho yake, mchangamfu, kiboksi kwapani. Farasi mmoja alikuwa amevunjika mguu njiani. "Nisaidie kuunga, fundi. Kuna mashindano mengine mwezi ujao."

"Yale uliniambia yameahirishwa?"

Joab akakuna shingo. "Ilikuwa haraka haraka. Ningekuambia."

"Na Esnah?"

"Aa, hiyo ni stori tu, bwana. Watu wa Nairobi wanapenda stori. Kwani nani anamjua huko?"

Hilo la mwisho ndilo lililomkata Omosa maini. "Waache hapa," alisema. "Kuja Jumamosi."

Alifikiria kumficha Esnah na kurudisha wanne. Lakini plastiki ilikuwa ya Joab, na Omosa hakutaka kuitwa mwizi na mwizi. Akimrudisha alivyo, atakwenda kulilia watu wengine mke asiye wake. Basi akakwangua udongo wa vitako kwa kisu, akaufunga kwenye karatasi, akamimina mafuta ya breki kwenye mkebe.

Wanne aliwatumbukiza pamoja. Esnah alimwosha peke yake, kwa mswaki wa zamani. Kovu likatoka, jicho, jicho la pili. Kitambaa cha njano kiligoma, ikabidi asugue sana, na alisugua huku akilia kwa sauti, mlango wazi, wateja wakipita. Alikuwa anamzika mara ya pili, na safari hii hakuna aliyekuja kumpa pole.

Jumamosi Joab alifungua kiboksi akakuta wapanda farasi watano wa kijivu. Mguu ulikuwa umeungwa vizuri.

"Fundi! Umefanya nini?"

"Plastiki yako," Omosa alisema. "Rangi yangu."

Joab alipoondoka, Omosa alitoa ile karatasi mfukoni mwa shati, akazunguka nyuma ya jikoni, akaurudisha udongo kwenye bustani ya chinsaga.