Daraja Lisilo na Mto

Asubuhi, kabla hajaonja hata chai, mtunza ramani huyu anainua karatasi moja moja na kuiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Anatafuta mkwaruzo. Karatasi iliyokwanguliwa kwa wembe huota vinyweleo, na yeye anavijua, maana enzi za ujana wake ndivyo walivyosahihisha ramani.

Wenzake wanamwita Bi Shaka, na jina hilo halimkeri. Anayeingia chumbani mwake huacha mkoba na kalamu mlangoni, awe mkurugenzi au mfagizi.

“Ramani hizi zina maadui,” anasema, huku akimtupia mwandishi wa makala haya jicho la pembeni.

Maadui wamezidi kwa sababu mji umenenepa. Katika toleo la kwanza la ramani ya mji, mashariki ni mashamba na mto mmoja. Katika la pili, nyumba zimevuka barabara kuu. La tatu, mashamba yameliwa, kimebaki kipande cha bondeni. Mto wenyewe ulishafukiwa kifusi, hivyo mnunuzi mwerevu wa kiwanja huja kwanza kutazama toleo la kwanza, aone ulikopita.

Mwezi uliopita alilikagua tena. Mto ulikuwa umekwanguliwa, bonde zima likawa kavu. Mkwanguaji alisahau daraja tu. Limebaki pale, linavuka hewa.

Wakubwa wa ofisi wanasema rangi ya kale hufifia. Bi Shaka anauliza mbona ya daraja haikufifia.

Aliyekaa na ramani ile bila kupekuliwa ni mmoja: mume wa mdogo wake, dalali wa viwanja vya bondeni. Alimruhusu aingie na koti lake. Kikulacho ki nguoni mwako. Shemeji anaapa kwamba hajui wembe wala mto.

Kinachomnyima Bi Shaka usingizi ni kwamba mnunuzi wa kwanza wa bondeni ni binti yake, aliyejinyima miaka mingi apate pa kujenga. Anatia saini Jumamosi. Mama alimweleza yote, binti akasikiliza mpaka mwisho.

“Mama, hata marehemu baba ulimshuku mpaka anakufa,” alimjibu kwa upole. “Leo ni zamu ya baba mdogo?”

Jibu lilimuuma, kwa kuwa halikuwa la uongo.

Basi ameacha kubishana. Jumamosi atatangulia kiwanjani na jembe, amkabidhi shemeji mbele ya binti, kabla kalamu haijaguswa.

“Achimbe shimo la kufika kiunoni tu,” anasema, akifunga kabati kwa kufuli mbili. “Pakiwa pakavu, mimi waniite mwongo. Maji hayana shemeji.”