Maji ni Mazito Kuliko Mafuta

Mhandisi wetu wa Kanoni amefariki. Aliyenipigia simu alikuwa analia, akaniomba niandike mema tu. Wasomaji wangu mnanijua. Mema yake hayatachukua nafasi kubwa: alisoma sana, alipenda rubisi, pombe yetu ya ndizi, na hakumpita mtu mzima bila kutoa shikamoo. Yaliyobaki ni kazi yake.

Alisimamia mabomba ya mafuta huko pwani, yale yanayopita juu ya ardhi yakiwa yamelazwa kwenye nguzo. Nguzo zikiachana mno, bomba hupinda katikati kwa uzito, na chuma kina kiasi chake cha kupinda, kikizidi, hakirudi. Ndiyo maana kanuni za usanifu zinamtaka mhandisi aupigie hesabu mkazo huo mapema: uzito wa bomba lenyewe, wa mafuta, joto la jua, na uzito wa maji, kwa sababu bomba jipya hujazwa maji kwanza ili lijaribiwe, na maji ni mazito kuliko mafuta. Marehemu alizijua kanuni hizo kama Baba Yetu. Lakini safari hiyo nguzo zilitosha uzito wa mafuta tu, na wakubwa walikuwa na haraka. Akafanya kama tunavyofanya sisi kibanjani, kwenye migomba yetu, ambako hakuna anayehangaika kukata mti wa kuegemeza mgomba ambao haujainama. "Jazeni," aliamuru. "Likiinama tutaliegemeza." Fundi wa kuchomelea, mwenyeji wa Rugu aliyeitwa kazini na marehemu mwenyewe, alicheka, maana hata kwao ndivyo wanavyofanya, akabaki palepale chini ya bomba. Mgomba hukupa siku kadhaa. Bomba lilipinda ghafla, likachomoka kwenye nguzo na kumwangukia. Mguu wake ulikatwa.

Wachunguzi walipofika, marehemu aliwaambia kwamba kiungo alichochomelea fundi ndicho kilichoachia. Walikikuta kimepasuka kweli, wakaridhika. Mhandisi akapandishwa cheo. Fundi akarudi Rugu na magongo, akiwa na sifa ya fundi aliyejikata mguu kwa kazi yake mbovu, na tangu hapo hakuna aliyempa hata dirisha la kuchomelea. Watu wetu ni wapole sana. Walimpelekea ndizi, wakampa pole, kisha kazi wakampa mwingine.

Siku moja kabla hajafa nilimtembelea mhandisi hospitalini huku kwetu. Alifukuza watu chumbani.

"Mwandishi, kile kiungo kilikuwa kizima. Kilipasuka bomba lilipogonga chini. Mimi ndiye sikuyahesabu maji."

"Mwite umwambie, tena mbele ya watu wa kwao."

"Nikifa, utaandika."

"Kwa nini si leo?"

"Leo bado naamkiwa," alisema, akageukia ukutani.

Nilimchukia pale, na sijui kama nimeacha. Kazi yake yote ilikuwa kujua chuma kinavumilia uzito kiasi gani. Uzito wake mwenyewe alimbebesha mtu wa mguu mmoja, akaona anauweza.

Msibani fundi alifika kwa bodaboda, magongo yake yamefungwa nyuma. Aliyafungua, akamwendea kaka wa marehemu.

"Shikamoo, waitu mzee. Nimekuja kujitolea kuchomelea msalaba wa kaburi."

"Marahaba. Asante, mwanangu, lakini tumeshaagiza mwingine mjini Kayanga."

"Ni kwa sababu ya lile bomba?"

Nikashindwa kuvumilia, nikasema yote niliyoambiwa hospitalini, mbele ya waombolezaji. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwandishi, hayo hayasemwi msibani," alisema. "Na hata kama ni kweli, watu wakijua nani kauchomelea msalaba, si watangoja uanguke?"

Fundi alinigeukia mimi. "Alikwambia lini?"

"Juzi."

"Juzi nilikuwa nyumbani," alisema. "Rugu si mbali."

Kisha akajiegemeza kwenye magongo yake, akaenda kuketi na waombolezaji wengine, nasi tukamzika mhandisi kwa nyimbo nzuri. Ninaandika basi, kama alivyoagiza: fundi wa Rugu alichomelea vizuri, na anatafuta kazi. Lakini nimejifunza kwamba kosa huungamwa na mwenye kosa akiwa hai, akimtazama aliyemkosea. Akishakufa, hata akisemewa kweli tupu, anayepumzika ni yeye peke yake.