Saa za Baharini Hazihesabiwi

Chuo chetu kina waraka mrefu unaoeleza kazi ya mhadhiri ni nini. Nimeusoma wote, na naamini katika tawi letu la Lamu ni mimi peke yangu niliyefanya upuuzi huo. Unasema mhadhiri hufundisha, hufanya utafiti na huhudumia jamii, na kila kimoja kimegawiwa saa zake kwa wiki. Kuna kiwango cha chini, ambacho usipokifikia unaonekana mvivu, na kiwango cha juu, ambacho ukikipita chuo kinakuonea huruma. Waandishi wake walijifungia hotelini huko bara, na ukiusoma utajua sambusa zilikuwa nyingi. Hapa mjini punda akizidishiwa mchanga hulala chini, na mwenyewe humpunguzia bila kuitisha kikao.

Ugomvi wangu na waraka huo ulianzia Faza. Tulikuwa na darasa huko, kisiwani Pate, la walimu wa chekechea waliokuwa wakisomea diploma. Wote walikuwa wanawake, wengi wao watu wazima wenye nyumba zao, na mwajiri alikuwa amewaambia kwamba asiyekuwa na cheti mwaka ukiisha atafute shughuli nyingine. Walikuwa wamebakiza somo moja tu, saikolojia ya mtoto, na mwalimu wa somo hilo nilikuwa mimi. Nilikwenda kila Jumanne.

Ratiba ilipangwa makao makuu, na ilisema somo lianze saa tatu asubuhi. Bahari haikupelekewa nakala. Njia ya Faza ina mkondo mwembamba ambao maji yakipwa chombo hukaa juu ya matope, na maji hayapwi saa ileile kila wiki. Kuna Jumanne niliondoka mara tu baada ya sala ya alfajiri, na kuna Jumanne nilimaliza kufundisha adhuhuri nikakaa gatini hadi magharibi. Nahodha wetu hakuwa na maneno mengi. "Mai yakipwa hakuna ndia, Bi," huniambia, kisha hujilaza na kofia usoni. Mimi nami hutapika baharini. Baba na mama yangu wote ni wa Lamu, kwa hiyo hata pole sipewi. Kutwa nzima ilikwenda hivyo, na kwa hesabu ya chuo nilikuwa nimefanya kazi ya asubuhi moja.

Nikaamua kudai haki yangu. Mkuu wa idara, kijana mpole wa bara aliyepanga chumba mtaa wa Wiyoni, aliniunga mkono kuliko nilivyotarajia, kwa sababu yeye huvaa jaketi la kuokolea maisha hata akivuka kwenda Mokowe, hapo ng'ambo tu. Tuliingia kikaoni kwa video na kamati inayogawa kazi, mtandao ukikatika kila mtu alipofika kwenye jambo la maana. Mwenyekiti, profesa mwenye sauti ya taratibu, aliuliza kwa nini nisitumie daraja. Nilimweleza kwamba daraja halipo. Alishangaa kweli, akaagiza jambo hilo liandikwe, na baada ya mabishano marefu wakakubali kwamba saa zangu za baharini ni kazi.

Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Mume wangu, anayeuza vitambaa, aliniuliza nimepata nini hasa, maana mshahara ni uleule na kutapika ni kulekule. Nilimwambia nimepata heshima. Akaendelea kupima kitambaa.

Wiki iliyofuata mkuu wa idara aliniita ofisini, na nilivyomwona anapanga kalamu zilizokwisha kupangwa nikajua kuna neno. Baada ya kuhesabu saa za mashua, alisema, nimepita kiwango cha juu. Chuo kinajali afya yangu. Kwa hiyo nimepunguziwa, na kilichopunguzwa ni Faza. Nilimuuliza nani atafundisha badala yangu. Akasema hakuna, darasa litasimama mpaka apatikane mhadhiri. Niliwaka. Nilisema maneno ambayo mtu wa kwetu hasemi mbele ya mwanamume asiye nduguye, naye masikini akainama tu, kwani hakuwa na la kufanya.

Jioni hiyo kiongozi wa darasa alinipigia simu. Ni mama mwenye wajukuu, anayefundisha watoto wadogo tangu enzi wanakaa mkekani. Walikuwa wameletewa barua inayosema somo limesitishwa kwa ombi la mhadhiri.

"Mwalimu, hutokuya tena?" aliuliza. "Sisi tumekukosea nini?"

Nimewahi kutukanwa na wanafunzi na sikujali. Swali hilo liliniuma. Wanawake wale wangepoteza kazi zao kwa sababu mimi nilitaka kutapika kwangu kutambuliwe rasmi.

Nikaomba kikao kingine. Niliiambia kamati ifute saa zangu za baharini zote na inirudishie Faza. Mwenyekiti alisema haiwezekani kufuta hivihivi, kwa sababu wao wenyewe wamekwisha kuamua kwamba safari ile ni kazi. Kama sasa si kazi, basi ni nini? Mkuu wa idara alijifanya anarekebisha kamera.

"Andikeni kwamba huwa naenda kutembea," nikasema.

Mtandao ukakatika, ukarudi.

"Kwa jamaa?" akauliza profesa.

"Kwa jamaa."

Wakaandika. Sina mtu Faza, lakini wakaandika. Kisha profesa akapiga hesabu upya, akagundua kwamba bila bahari niko chini ya kiwango cha chini, akaniongezea darasa la mwaka wa kwanza, stadi za mawasiliano, kila Jumatano asubuhi. Nilishukuru huku nimeuma meno.

Basi nikaendelea na Faza, na wote walifaulu, nitangulie kusema hilo ili mtu asikae roho juu. Siku ya mtihani, Jumanne vilevile, nilipokusanya karatasi ya mwisho walipiga vigelegele mpaka watoto wa chekechea wakaja kuchungulia madirishani. Nami, kama kawaida, nikakamata mkoba kukimbilia mashua. Yule kiongozi wa darasa akaushika upande wa pili. Alisema muhula mzima nimekuja na kuondoka kwa kufuata maji, na hakuna nyumba ya Faza iliyoniwekea chakula, na hiyo kwao ni aibu. Na leo, akasema, sina somo tena la kufundisha. Nilitaka kumweleza habari za darasa langu la Jumatano asubuhi, lakini mkoba wangu ulikwisha kutangulia.

Kulikuwa na wali wa nazi na samaki wa kupaka, na darasa zima tumezunguka sinia. Nilikula nikacheka kupita kiasi. Nilipokumbuka mashua, maji yalikuwa yamepwa zamani, na chumba nilikuwa nimekwisha kutandikiwa.

Asubuhi mkuu wa idara akapiga simu. Mwaka wa kwanza wote walikuwa darasani wananisubiri, na alitaka kujua niko wapi. Nilimwambia niko Faza, kwa jamaa. Safari hii sikuwa nasema uongo.