Miti ya Kambale Mpakani

Ukitaka kumjua Léontine vizuri, usimtafute kanisani wala kwenye harusi za Wakongo wenzake. Mtafute mwisho wa Aprili, theluji ikishayeyuka, katika kishamba chake nyuma ya maghorofa ya Norsborg. Utamkuta ameinama, buti zimejaa tope, midomo inacheza. Waswidi wanaopita na mbwa wao hudhani anasali. Hasali, anamsema mumewe.

Na ana haki ya kumsema. Kishamba hicho ni cha kukodi kwa chama cha bustani, na alikingoja foleni hadi akasahau kama aliandikisha jina. Kazini, jikoni mwa shule, huwapikia watoto wa watu viazi na samaki asiye na ladha, tena kwa kuelekezwa. Huku anapanda maharagwe na lengalenga, mchicha wa kwao, na hakuna wa kumwelekeza. Baridi nzima huishi kwa kupangoja hapo. Sasa hivi sebuleni kwake dirisha lote limejaa miche ya nyanya kwenye maboksi ya maziwa. Victoire, binti yao, akilalamika kwa Kiswidi kwamba haoni nje, mama yake humjibu kwa Kiswahili kwamba nje bado hakuna cha kuona.

Balaa lilianza mwaka jana, majira kama haya. Kambale, mumewe, ni fundi wa kusuka vitunga tangu Butembo. Alishuka ziwani akakata fito za mti ambao huku wanauita pil, laini, unaupinda unavyotaka. Akasuka kitunga kizuri cha mgongoni, chenye mkanda wa kupita kwenye paji la uso, kama cha mama yake. Fito zilizobaki akazichomeka pembeni mwa shamba ili maharagwe yapande juu yake. Maharagwe yakapanda kweli, lakini na fito nazo zikatoa majani.

Kwao, mtu akipewa shamba huchomeka vijiti vibichi mpakani. Vikishika, watu husema ardhi imemkubali mwenyewe. Kambale alipoyaona yale majani alimshika mkewe mkono, akamwonyesha. Na Léontine naye, tuseme ukweli, alifurahi. Jioni ile alipika ugali na sombe, majani ya muhogo ya kununua mjini, wakala kama watu wenye sikukuu.

Basi wiki iliyopita akaja Ronny, mwenyekiti wa chama, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata jua likiwaka. Akaeleza polepole, neno moja moja. Pil ni mlevi wa maji. Mizizi yake huyafuata mabomba ya chama chini ya ardhi na kuyapasua, ndiyo maana mti huo umekatazwa. Jumamosi ni siku ya usafi, kamati itapita kila shamba. Ikiikuta miti bado imesimama, kishamba atapewa anayefuata kwenye foleni.

"Si mimi," Ronny akasema, "ni kanuni."

Nyumbani Kambale alisikiliza habari hiyo huku anachuna maganda ya fito. "Mtu hang'oi mpaka wake," akasema, akaendelea kusuka.

Léontine alimwambia tena kesho yake, na kesho kutwa. Alimwambia kwa upole, akamwambia kwa ukali, akamtuma Victoire, naye akasema kwa Kiswidi chake kwamba baba ana kichwa kigumu na kurudi chumbani. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Vitunga viliongezeka sebuleni hadi mtu akawa hana pa kuweka miguu, na Jumamosi inakuja.

Tena Léontine alijua sababu, na hilo ndilo lililomchosha zaidi. Wenye bunduki walipofika kwao, baada ya kuwafukuza watu waling'oa miti ya mipaka. Ndugu yake Kambale aliporudi kutazama, hakuna aliyeweza kumwonyesha shamba lao linaanzia wapi. Léontine alikuwepo siku ile ya kukimbia, hahitaji kusimuliwa. Alimhurumia mumewe sana. Lakini huruma haichimbi, na yeye ndiye angebaki bila shamba, arudi kwa viazi vya shule mwaka mzima.

Jumamosi asubuhi akapanda basi peke yake na sepeto lake. Juu ardhi ilikuwa tope, chini bado ngumu kwa barafu. Alichimba, akavuta, akakaa chini kwa kishindo na tawi mkononi, mzizi umebaki ulipo. Aliukasirikia mti, akamkasirikia Ronny na kofia yake, akajikasirikia mwenyewe kwa kufurahia majani mwaka jana. Mikono ikaanza kutoka malengelenge.

Alikuwa amefika katikati alipomwona Kambale njiani, na koti lake la kanisani, mikono mifukoni.

"Mama Victoire, acha."

"Siachi."

"Unafanya walivyofanya wale."

Léontine akanyoosha mgongo. "Wale waling'oa ili tuondoke. Mimi nang'oa ili tubaki. Kama huoni tofauti, keti kwenye ndoo pale usuke."

Kambale hakuketi. Alisimama akitazama mashimo, kisha akavua koti, akalitundika kwenye mlango wa kibanda, akachukua sepeto mkononi mwa mkewe. Waliimaliza miti pamoja.

Kamati ilipofika, Ronny alikuwa na kamba na vigingi, kwani kila mwaka baridi ikiisha wanapima upya. Alitazama mashimo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akapima. Akapita mashimo ya Kambale, akaendelea kwenye nyasi, hatua moja, ya pili, ndipo akapigilia kigingi karibu na njia na kuvuta kamba.

"Mpaka wenu uko hapa," akasema. "Nyasi hizi zote ni zenu. Nilidhani hamzitaki."

Léontine alizitazama. Mwaka mzima alilia kwamba shamba ni jembamba, akabananisha maharagwe hadi mengine yakaoza, na ardhi ilikuwa pale. Akamgeukia mumewe, aliyekuwa anatazama viatu vyake.

"Ulijua?"

"Mwaka jana walinipimia mimi, nikarudi nyuma kidogo," Kambale akasema. "Mtu asije akasema tumekula njia yao."

Matusi yote ya wiki nzima yalikuwa tayari mdomoni mwa Léontine, ya Kinande cha kwao na ya Kiswahili. Hakuyatoa. Aliona uchungu tu, kwa huyu mwanamume aliyepigania mpaka kwa siku zote zile, na kumbe aliuweka ndani ya shamba lake mwenyewe kwa kuogopa. Akachukua jembe akampa.

Kambale alilima vizuri, anajua kulima. Alipindua nyasi, akavunja madongoa, akaenda hadi ukabaki upana wa kiganja kufikia kamba. Hapo akasimama, akafuta jasho.

"Inatosha," akasema.

"Mpaka kwenye kamba, Baba Victoire."

"Ronny anatuangalia."

"Aangalie," Léontine akasema. "Lima."